Karatasi Moja ya Kwamzimbwe

Haya ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona niliyaandikia ripoti. Kwa hiyo asije mtu akaniambia natunga. Nimefanya kazi serikalini miaka kumi na tisa katika Jamhuri ya Tuliatu, na katika miaka yote hiyo sijawahi kutunga kitu ambacho hakikuagizwa na mkubwa wangu.

Jina langu ni Kondo Mlanzi, Msoma Mita Daraja la Pili. Najua mnachowaza: mita za maji, mita za umeme. Hapana. Mimi nasoma mita za karatasi. Kila printa ina namba ndani yake inayohesabu kurasa zilizotoka, na namba hiyo inahitaji mtu mzima mwenye akili timamu aende akaitazame. Watu wa mtaani kwetu hucheka wakisikia, lakini hao hao wakipata barua ya serikali hunijia mbio wakitaka niwasomee. Tuwaache.

Mambo yalianza kwa machozi. Waziri wetu wa Kubana Matumizi ya Wengine, Mheshimiwa Tegemeo Nyangarika, alitembelea kituo kimoja cha yatima kinachoendeshwa na asasi ya hiari. Akaona printa mezani inatoa karatasi, moja, mbili, tatu. Akashika kifua.

"Wino huu," akasema, "ndio uji wa watoto hawa."

Hakuna aliyewahi kuliona jambo kwa namna hiyo. Watoto wenyewe walikuwa wamekunywa uji wao asubuhi na kushiba, lakini walipomwona Mheshimiwa analia wakalia na wao, na picha ikatoka nzuri sana gazetini.

Wakaletwa wataalamu. Wakakaa hotelini miezi mitatu, wakaandika kitabu cha kurasa mia tisa kinachothibitisha kwamba asasi za Tuliatu zinateketeza karatasi. Kila asasi ikapewa nakala tatu za kitabu hicho: moja ya kusoma, moja ya kutunza, na moja ya kurudisha wizarani kama uthibitisho kwamba zile mbili zimefika. Kisha ikaundwa Mamlaka ya Usimamizi wa Uchapaji wa Asasi, ambayo mimi na wenzangu tunaiita Mamlaka tu, kwa kubana maneno. Mkurugenzi Mkuu wake ni Dakta Hezroni Mapambano. Udaktari wake ni wa kuku, na ni wa kusomea kabisa, si wa kutunukiwa.

Mpango ulikuwa mwepesi. Asasi zinaumia kwa gharama za uchapaji. Basi ziondolewe uchapaji. Tukapita na lori nchi nzima tukakusanya printa zote mia nne na kumi na mbili, tukazifungia ghalani. Badala yake Mamlaka ikanunua Mashine Kuu, moja, ya kuwahudumia wote, ikawekwa ghorofa ya saba makao makuu. Lifti ilizimwa kwa kubana umeme, kwa hiyo anayetaka kuchapa anapanda ngazi, na akifika juu anakuwa ameshafikiri vizuri kama kweli anahitaji ukurasa huo. Watu wa Tuliatu ni wajanja, wengine wakaanza kuandika kwa mkono. Tukatoa waraka kwamba kuandika kwa mkono ni uchapaji usiosimamiwa, na kalamu zote za asasi zikabandikwa namba.

Asasi zilijirekebisha, lazima nizisifu. Kituo kile cha yatima kilitoa ripoti moja ya shule kwa watoto themanini: "Wanaendelea wastani." Chama cha wajane kikawa na katiba moja iliyozunguka nyumba hadi nyumba, kila mjane akilala nayo siku mbili.

Kazi yangu haikupungua. Kila mwezi nilikwenda ghalani kusoma mita za printa zile mia nne na kumi na mbili. Zote zilikuwa hazijachapa kitu, maana hazikuwa na umeme. Niliandika sifuri mia nne na kumi na mbili, kila sifuri na fomu yake, kila fomu nakala tano. Dakta Mapambano aliwahi kunishika bega mbele ya watu akasema, "Kondo, sifuri zako ndizo nguzo za taifa." Sikulala vizuri siku hiyo kwa furaha.

*

Bi Mchanga Sudi alipanda ngazi asubuhi ya Jumatatu, akaketi kwenye benchi mbele ya meza yangu, akangoja pumzi imrudie. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mstaafu wa maabara ya hospitali ya wilaya. Ndiye mwenyekiti, mhazini na mwendesha baiskeli wa asasi iitwayo Maji Salama, ambayo kazi yake ni kupima maji ya visima vijijini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kuchapa matangazo kumi na mawili."

"Ya nini?"

Akanieleza. Kijijini Kwamzimbwe serikali ilijenga josho la kuogeshea ng'ombe, mlimani, juu ya kisima. Sakafu ya josho imepasuka. Dawa ya kupe inashuka ardhini na kuingia kisimani. Amepima mara tatu. Maji hayana harufu wala rangi, matamu kabisa mdomoni, na yanaua polepole, yakianza na watoto. Kijiji kina vitongoji kumi na viwili. Alitaka tangazo moja kila kitongoji: *Maji ya kisima hiki yana sumu. Msinywe.*

"Si uwaambie tu kwa mdomo, mama?"

"Nimewaambia. Mtendaji wa kijiji ameniuliza karatasi iko wapi."

Nilimwelewa mtendaji. Sisi wa Tuliatu tumelelewa hivyo. Mtu akikujia mbio kukwambia nyumba yako inaungua, adabu ni kumwuliza ameandika wapi. Neno lisilo na muhuri ni porojo, na porojo kuhusu mradi wa serikali ni uchochezi, na uchochezi ni miezi sita. Watu wa Kwamzimbwe waliendelea kuteka maji yale kwa sababu ya malezi mema.

"Haya, ombi lako liko wapi?"

Akatoa karatasi ya daftari aliyoiandika kwa mkono. Nikagonga muhuri wa IRUDI KWA MWOMBAJI, nikamrudishia kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtu mzima.

"Mama, ombi la kuchapa lazima lichapwe."

"Nikalichape wapi, na printa yangu mliichukua?"

"Hilo swali zuri sana."

Wiki ya pili akarudi na ombi lililochapwa steshenari ya sokoni, safi, limenyooka. Nikagonga tena IRUDI, safari hii kwa masikitiko, maana karatasi ile ilikuwa ushahidi kwamba amechapa bila kusimamiwa. Ningeweza kumshitaki. Nikamsamehe papo hapo, mimi si mtu wa roho mbaya.

Wiki ya tatu akaja kuomba fomu ya kuombea ruhusa ya kuchapa ombi. Fomu hiyo ipo. Ilikuwa imekwisha. Mwezi ule Mashine Kuu ilikuwa imejaa kazi ya kuchapa barua za pongezi kwa asasi ambazo hazikuchapa chochote, kurasa nne kila moja, na picha ya Waziri. Nikagonga IRUDI kwenye kiganja cha hewa, yaani sikuwa na kitu cha kugonga, nikaandika tu kwenye rejista kwamba ameambiwa arudi.

"Watoto wanakunywa, Kondo," akasema.

"Naelewa, mama. Lakini utaratibu nao unataka heshima yake."

"Wewe una watoto?"

"Wanne, alhamdulillahi."

"Wanakunywa maji ya wapi?"

Nikamwambia ya bomba. Akashika reli na kuanza kushuka ngazi. Nilichukia kidogo. Nilimwona kama mtu asiyejua kushukuru.

*

Mwezi wa nne tangu aanze kupanda ngazi, fomu zilipopatikana, ombi likafika mbele ya Kamati ya Kupunguza. Ina wajumbe tisa na kazi moja. Mimi nilikuwapo kama mchukua kumbukumbu, kwa hiyo maneno haya ni rasmi.

"Ndugu wajumbe," akasema Dakta Mapambano, "mama huyu anaomba karatasi kumi na mbili. Visima ni vingapi?"

"Kimoja, Dakta."

"Kisima kimoja, karatasi moja."

Makofi. Mjumbe mmoja, mgeni kazini, akauliza kuhusu vile vitongoji kumi na viwili.

"Kiu itawapeleka wote sehemu moja," akasema Dakta. Yule mjumbe akaandika jambo hilo kwenye daftari lake na hakuuliza tena.

Likaja suala la pande mbili. Kanuni yetu ya kwanza, ile iliyochongwa kwenye jiwe la msingi, inasema kila karatasi ichapwe pande mbili. Upande mtupu ni wizi. Lakini tangazo la Bi Mchanga lilikuwa fupi, liliishia mbele. Nyuma kuwekwe nini? Wajumbe walikuna vichwa mpaka chai ikaletwa. Afisa Uhusiano ndiye aliyeokoa jahazi.

"Tumweke Mheshimiwa Waziri," akasema. "Picha yake, na salamu fupi kwa wananchi."

Ikapitishwa. Suala la mwisho lilikuwa wino. Uso wa kiongozi ni mali ya taifa, ukachapwa kwa rangi zote. Ili kufidia, upande wa tangazo ukachapwa kwa wino wa kubana, ule wa kijivu kama maji ya kuoshea mchele. Bi Mchanga akaitwa ndani aione kazi. Akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akaenda nayo dirishani.

"Maandishi hayaonekani," akasema.

"Yanaonekana, mama," akajibu Dakta, "ukiwa na nia."

Akaikunja vizuri, akaitia kwenye mkoba wake, akasema ahsanteni. Karatasi moja badala ya kumi na mbili, upungufu wa asilimia tisini na moja na ushee. Jioni ile tulikula mishikaki ofisini.

*

Kwamzimbwe karatasi ilipokewa na mtendaji wa kijiji, Bwana Mkumbwa. Ni mtu wa utaratibu, wala simlaumu. Akaigeuza upande huu, akaona ukungu wa kijivu. Akaigeuza upande ule, akamwona Mheshimiwa Waziri anatabasamu kwa rangi zote, na chini yake: *Wananchi, haya ndiyo matunda ya utulivu. Yafurahieni.* Na muhuri wa Mamlaka, mkubwa, mwekundu.

Sasa ubandike upi nje? Jibuni nyinyi wenyewe. Bwana Mkumbwa akapika uji wa muhogo, akaupaka ule upande wa kijivu, akambandika Mheshimiwa ukutani pa kisima, usoni pa watu.

Bi Mchanga alimsihi palepale. "Mtendaji, onyo liko nyuma. Geuza."

"Nimgeuze Mheshimiwa atazame ukuta? Mama, unanitakia mema kweli?"

Akajaribu kuibandua kwa kucha zake mwenyewe. Wakamweka ofisi ya kijiji mpaka alasiri, kwa heshima, kwenye kiti, wakampa na karanga.

Yaliyofuata yako kwenye ripoti yangu ya robo mwaka, chini ya kichwa "Mwitikio wa Wananchi." Foleni ya kisima ilikua maradufu. Watu walikuja kutoka vijiji ambavyo havikuwahi kuteka pale, wengine na punda, wengine na mapipa, maana kisima gani kingine nchini Tuliatu kina karatasi yenye muhuri na Waziri mwenyewe anasema yafurahieni? Bi Mchanga alipanda tena ghorofa saba kuniambia. Alikuwa amekonda. Akasema watoto watatu wamelazwa zahanati, matumbo na mitetemeko, na mganga hajui ni nini kwa sababu hakuna karatasi iliyomwambia ni nini.

Nikamwonyesha fomu ya malalamiko. Ile ilikuwapo.

*

Upungufu ule wa asilimia tisini na moja na ushee ulimfurahisha sana Dakta Mapambano, akaamua kwenda Kwamzimbwe kuizindua rasmi karatasi. Tukaenda na magari manne. Likajengwa turubai mbele ya kisima, ng'ombe akachinjwa, watu wakakusanywa. Niliwahesabu mwenyewe, kwa mazoea: mia tatu na kumi na wawili.

Kwanza tulikula. Dakta alikula sahani mbili za pilau na akaomba ukoko. Kisha akasimama.

"Ndugu wananchi! Zamani asasi zetu zilikuwa zikichapa ovyo, kama mtu mwenye tumbo la kuendesha. Leo hii, kijiji kizima kinahudumiwa na karatasi moja. Moja! Mataifa makubwa yanatuonea wivu. Karatasi hii mnayoiona ukutani imetoka ghorofa ya saba mpaka kwenu, na wala haijapotea njia."

Makofi. Ndipo Bwana Mkumbwa, aliyetaka sana kumfurahisha mgeni, akajitokeza na glasi kwenye sahani yenye kitambaa. Maji ya kisima, baridi, yanameta. Mpiga picha akapiga goti. Dakta akaichukua glasi, akaiinua kwanza kuelekea kwenye picha ya Waziri, kama mtu anayemkaribisha mwenzake.

Mtauliza: kwani hakujua? Mimi nasema hakujua. Alikuwa ameidhinisha tangazo lile kwa kuhesabu, si kwa kusoma. Mkubwa akianza kusoma kila anachosaini, nchi itasimama. Mimi nilijua. Nilikuwa hatua tano kutoka pale alipokuwa, na nilijua, nikawa natafuta kichwani ni kanuni ipi inayomruhusu Daraja la Pili kumkatisha Mkurugenzi Mkuu anapokunywa. Haipo.

Bi Mchanga alipita katikati ya watu bila kusukuma mtu. Akamshika Dakta kifundo cha mkono.

"Usinywe, baba."

"Kuna nini, mama?"

"Maji haya yana dawa ya kupe. Josho linavuja. Mmeyaandika nyinyi wenyewe, nyuma ya picha hiyo."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu, na sauti ikasikika mpaka kwenye migomba. Na Dakta Mapambano, msisahau, ni daktari wa kuku. Lugha ya mifugo anaielewa. Alipolisikia lile neno, kupe, mkono wake ukashuka wenyewe.

Mwanamke mmoja mbele, aliyembeba mtoto mgongoni, akasema taratibu, "Kunywa tu, mheshimiwa, tuone."

"Ningependa sana," akajibu Dakta, "lakini leo nimefunga."

Midomo yake ilikuwa bado inang'aa mafuta ya pilau.

Hakuna aliyecheka. Watu wa Kwamzimbwe hawakuitazama tena karatasi, walimtazama yeye. Kisha yule mwanamke akainama, akaipindua ndoo yake. Maji yakakimbia mavumbini mpaka kwenye viatu vya mpiga picha. Wa pembeni yake akapindua yake. Wakaendelea hivyo mmoja mmoja, mpaka uwanja wote ukawa tope, na sisi tukarudi kwenye magari kwa ncha za vidole vya miguu.

*

Kikao cha dharura kiliitwa kesho yake. Mimi nilidhani ni kuhusu josho. Kumbe Mamlaka ilikuwa imeibiwa.

"Kibali cha mama huyu," akasema mwanasheria wetu, "kilikuwa cha nakala moja. Jana yaliyomo kwenye karatasi yametamkwa hadharani na kusikika. Kisheria, maandishi yakitamkwa yamechapwa, na sikio ndilo karatasi. Mkutanoni palikuwa na watu wangapi?"

Wote wakanigeukia.

"Mia tatu na kumi na wawili," nikasema, na naungama kwamba nilijisikia fahari kuwa na jibu.

"Kwa hiyo amevuka kiwango kwa nakala mia tatu na kumi na moja."

Wiki ileile asasi ya Maji Salama ikafutwa. Nilitumwa mimi kuchukua cheti chake cha usajili, hadubini, na kalamu mbili zenye namba. Bi Mchanga alinikaribisha chai. Hakuteta. Alinisaidia hata kuifunga hadubini kwa kanga ili isigongwe njiani.

"Wameacha kuteka?" akaniuliza.

"Wa Kwamzimbwe wameacha, mama."

"Na wa mbali?"

Sikuwa na takwimu hizo. Josho lilikuwa bado linavuja, maana halikuwa kwenye ajenda. Na picha ilikuwa bado ukutani, maana kumbandua Waziri kunahitaji kibali cha Waziri.

Ila Dakta hakuridhika. Alihofia kwamba wale mia tatu na kumi na wawili wamekwenda majumbani na kuchapisha zaidi. Akataka idadi kamili ya nakala haramu nchini. Nikapewa pikipiki ya Mamlaka na fomu rimu sita, nikaambiwa nipite nyumba kwa nyumba. Fomu ilikuwa na swali moja, niliulize kama lilivyo: "Je, umesikia kwamba maji ya kisima cha Kwamzimbwe yana sumu?" Chini yake: nakala ngapi, jina la aliyezitoa, na tarehe.

Basi nikauliza. Kijiji cha kwanza, wengi walisema ndiyo. Cha pili, baadhi walisema, "Sikuwa nimesikia, lakini sasa nimesikia," nikawaandikia nakala mojamoja. Cha tatu watu walikuwa wananingojea barabarani, wakiniomba niulize tena kwa sauti ili na bibi aliye ndani asikie. Wiki ya pili idadi ilikuwa elfu moja mia tisa na nne. Sikuelewa inaongezekaje, maana mimi nilikuwa nauliza tu.

"Mama yule ana mdomo wa hatari," akasema Dakta kwenye simu, akihema. "Nenda mbali zaidi, Kondo. Nenda mpaka usikute hata nakala moja."

Nikaenda. Vilima vitatu ng'ambo ya Kwamzimbwe kuna nyumba chache za wakulima wa mtama. Nyumba ya mwisho kabisa ilikuwa ya mama mmoja kijana anayeitwa Mwantumu. Punda amefungwa uani, mapipa mawili ubavuni. Yeye mwenyewe ameketi kizingitini, amempakata binti yake wa miaka minne, kichwa cha mtoto kimelegea kwenye kiwiko chake. Mkono mwingine umeshika kikombe cha bati, anamnywesha kwa matone.

"Hodi hapa."

"Karibu, kaka. Samahani siinuki, Siwema anaumwa."

Nikatoa fomu, nikasoma. "Je, umesikia kwamba maji ya kisima cha Kwamzimbwe yana sumu?"

"Hapana," akasema. "Ndiyo haya tunayokunywa."

Akaendelea, kwa upole, kama mtu anayenielekeza njia.

"Sisi tulikuwa na kijito chetu hapo chini, kaka. Kina matope kidogo. Tulihamia kisima kile tangu ilipobandikwa karatasi ya serikali. Nilikwenda nikaiona mwenyewe, na muhuri. Siku ya sherehe nilitaka kuja kushukuru, ila mtoto alishaanza kutapika." Akanitazama. "Yana sumu kweli?"

Nilikitwaa kile kikombe mkononi mwake. Nakumbuka uzito wake. Nikamwambia ndiyo, yana sumu, tumejua tangu mwezi wa kwanza, tulikuwa na karatasi. Nilisema hivyo, tumejua. Akanikazia macho kama mtu asiyesikia vizuri, kisha akamkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili.

Niliwapakia kwenye pikipiki ya Mamlaka, mama na mtoto, jambo ambalo limekatazwa. Tulifika zahanati saa nane. Mganga akauliza amekunywa nini, nikamtajia dawa kwa jina lake, akaanza kukimbia huku na huku. Siwema alifariki saa kumi na nusu, mchana mweupe, watu wanapita nje wakiuza nyanya. Mama yake aliniomba nimshikie kanga ili amfunike vizuri.

Hesabu za kazi huwa najaza papo hapo, nisije nikasahau. Nilikaa kwenye benchi la zahanati, nikaitoa fomu. Nilikuwa nalia, mtu mzima na mkoba wa serikali begani. Nyumba ya Mwantumu. Nakala: moja. Ikabaki ile nafasi ya jina la aliyetoa nakala, ambayo katika nyumba zote nilizopita nilikuwa nimeandika Mchanga Sudi kwa mwandiko wangu mzuri. Nikaandika Kondo Mlanzi. Halafu pembeni, mahali pa tarehe, nikaandika tarehe ya Jumatatu ile alipopanda ngazi mara ya kwanza.